Gharama ya dirisha la paa haiishii dukani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kusifu madirisha ya paa imenipa kazi ambayo sikuitafuta. Wateja wananijia na gazeti limekunjwa kwenye ukurasa uleule, wananionyesha sentensi ileile: kwamba gharama ya kuweka dirisha la paa ni "kioo na ujira wa fundi". Wanataka niwaandikie tarakimu mbili, nizijumlishe, waende zao wakatafute pesa. Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Nahesabu mbao, mabati na misumari ya watu kabla hawajafika dukani, na nimezoea kununiwa, kwa sababu jumla yangu huwa kubwa kuliko ile waliyokuja nayo kichwani. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenu sehemu ya hesabu ambayo makala iliiruka.

Mwanga wa mchana naupenda. Nyumba nyingi za nchi za joto zina giza saa sita mchana: paa hushushwa na kutokezwa nje ya ukuta ili jua na mvua visipige madirisha, vyumba hupangwa huku na huku, na katikati hubaki korido ambayo taa yake haizimwi. Mtu anayetaka korido ile ipate nuru bila umeme ana haki yake. Kilichonikera ni picha mliyoweka juu ya makala. Kioo cha ukubwa wa mlango, juu ya kitanda, na chini yake mtu amejifunika duveti hadi kidevuni. Anayejifunika duveti mchana analitaka jua liingie. Sisi tunalikimbia.

Katika nchi za baridi, jua la miezi ya baridi hupita chini upande mmoja wa mbingu, likifika kwenye paa limeshalegea. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, yaani nyuzi 23.4 kaskazini na kusini mwa ikweta, jua hufika utosini mara mbili kila mwaka, na kwa walio karibu na ikweta haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Kioo kilicholala juu ya paa kinalipokea uso kwa uso. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, kila mita moja ya mraba hupata takribani wati 1,000. Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hiyo. Kwa hiyo kuweka kioo cha mita moja kwa mita moja ni kama kuwasha pasi ya umeme, kuitundika darini, na kuondoka ukiiacha inawaka hadi alasiri.

Makala ilisema dirisha la paa hujilipa lenyewe kwa kupunguza bili ya umeme. Haya, tuhesabu. Sebule ya kawaida inatosheka na taa mbili za LED za wati 10 kila moja. Ukizizima mchana umeokoa wati 20. Wakati huohuo umeingiza joto la wati 800. Kama una kiyoyozi, mashine nzuri huondoa joto la wati 3 hivi kwa kila wati 1 ya umeme inayokula, maana yake kuzitoa zile 800 kunataka wati zaidi ya 260. Umeokoa 20, umetumia 260, na saa ni zilezile. Asiye na kiyoyozi haletewi bili yoyote. Yeye anaachiwa sebule isiyokalika kuanzia saa tano hadi saa tisa, na gharama hiyo hakuna mtu anayeiandika kwenye karatasi.

Niliiona kwa macho yangu nyumbani kwa mwalimu mmoja aliyeniita nimkadirie ukuta wa uzio. Alishawekewa dirisha la paa na watu wengine, kioo kisicho na rangi kabisa, juu ya viti vya sebuleni. Tulipoketi kunywa chai niliona viti vyote vimesukumwa ukutani, katikati ni patupu. Kwenye sakafu palikuwa na pande la jua lenye kona nne, kali kiasi kwamba huwezi kulitazama, na lilikuwa linasogea taratibu kuelekea miguuni kwangu. Mkono mmoja wa kochi kubwa ulikuwa umepauka, rangi ya kahawia imegeuka kuwa ya udongo mkavu, na ule mkono mwingine bado mpya. Nikatazama juu. Nusu ya kioo ilikuwa imebandikwa boksi kwa ndani, boksi la televisheni, maandishi bado yanasomeka. Mwalimu akacheka kwa aibu akaniambia, "Dada, nililipa kutoboa, na sasa natafuta wa kunizibia." Alitaka pazia la kuvuta, lile la reli linaloendeshwa kwa fimbo. Nilimwambia pazia la ndani litazuia mwanga lakini joto litakuwa limeshapita kioo, limo ndani tayari. Kivuli chenye faida ni kile kinachowekwa nje, juu ya kioo. Kukiweka nje ni kupanda paa tena, fremu tena, ujira tena.

Dirisha lile lilikuwa kubwa mno, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wanachagua ukubwa kama wanavyochagua dirisha la ukutani. Jua la moja kwa moja la mchana lina nguvu ya lux kama 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na mtu anayesoma kitabu anahitaji kama 300 hadi 500. Piga hesabu ya tundu dogo la sentimita 30 kwa 30 lililofunikwa kwa plastiki ya rangi ya maziwa. Hata nusu ya mwanga wake ikipotea njiani, chumba cha mita 3 kwa 4 kinabaki na mwanga wa kusomea mchana wa jua. Joto linaloingia hapo halifiki wati 80, pungufu ya linalotolewa na mtu mmoja aliyekaa kitini ametulia, ambalo ni kama wati 100. Wizara ya Nishati ya Marekani huwashauri watu wake wasizidishe asilimia 5 ya eneo la sakafu kwa chumba chenye madirisha mengi, na asilimia 15 kwa chumba chenye madirisha machache. Huo ni ushauri unaowahusu hata wanaokoga theluji. Mimi kwa nyumba ya nchi ya joto nikifika asilimia 2 nashusha kalamu na kumuuliza mteja kama ana hakika.

Rangi ya maziwa nayo si urembo. Inatawanya mwanga chumba kizima, haliji pande la jua la kukufukuza kwenye kiti. Kioo kinachokuonyesha mawingu ni kizuri jioni ukiwa umelala chali. Mchana ni adui.

Kuna na hili la vioo viwili vilivyobanwa pamoja na hewa katikati, ambavyo makala ilivisifu kwamba "huzuia joto". Huzuia joto la hewa ya ndani lisitoroke nje, jambo jema kwa mwenye duveti. Joto la jua lenyewe vinalipitisha kwa asilimia 70 na zaidi kama havina rangi wala utando maalumu. Mteja wa nchi ya joto anayelipia vioo viwili visivyo na rangi analipia majira ya baridi ambayo hayatamfikia. Anachopaswa kutafuta ni namba moja iliyoandikwa kwenye lebo ya kioo, kati ya 0 na 1, inayoonyesha sehemu ya joto la jua inayopita. Kioo cha kawaida kina 0.8 na ushee. Vipo vyenye utando wa metali usioonekana vinavyoshuka hadi 0.3 au chini yake na bado vinapitisha mwanga wa kutosha. Ni ghali, sikatai. Lakini muuzaji asiyeijua namba hiyo hajui anachouza, na mteja asiyeiuliza atauziwa unene wa kioo. Unene hauzuii jua.

Nimesema mengi ya jua. Maji ndiyo yanayowarudisha wateja kwangu kwa hasira.

Mvua kubwa ya nchi za joto inaweza kumwaga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, japo kwa muda mfupi. Chukua dirisha la paa la upana wa mita 1, lililowekwa chini kidogo ya katikati ya paa, ili juu yake pabaki mita 5 za mteremko. Maji yote yaliyoanguka kwenye kipande hicho yanateremka kuja kugonga ubavu wa juu wa fremu. Ni lita 500 kwa saa, lita 8 na kitu kila dakika. Ndoo ya lita 20 inajaa kabla dakika mbili na nusu hazijaisha. Maji hayo hayana pa kwenda ila kuzunguka kushoto na kulia, na kama fundi hakuyatengenezea njia, yatajitafutia.

Njia hiyo ina gharama. Fremu lazima iinuliwe juu ya uso wa paa. Mimi naandika sentimita 15 na sikubali kushushwa. Ubavu wa juu unajengewa kigongo cha bati chenye pembe, cha kuyagawa maji yasitulie. Pembeni hukunjwa mabati ya kukingia maji, yanayopanda kwenye fremu na kuingia chini ya bati la paa kwa juu, na kutokeza juu ya bati kwa chini. Kwa maneno mengine, kila kipande cha juu kinalalia cha chini yake, tone lisipate mahali pa kupandia. Bati la kukunja, skrubu zenye washa za mpira, mbao za fremu zilizotiwa dawa, na siku nzima ya mtu anayejua kukunja bati. Hapa ndipo fundi wa bei nafuu anapopatia unafuu wake.

Kijana mmoja aliyekuwa juu ya paa nililokuwa nalisimamia aliniambia kutoka huko juu, "Mama, mbona unatutesa? Hapa silikoni inatosha." Alikuwa na tyubu mbili mkononi. Nikamjibu, "Mwanangu, silikoni ni ya kusaidia bati, haiwezi kuwa bati." Hakufurahi. Silikoni iliyobandikwa kwenye bati lenye vumbi, ikapigwa jua kila siku, ikavutwa na bati linalotanuka mchana na kunywea usiku, huachia upande mmoja. Haikuambii. Kwa macho inaonekana imeshika vizuri kabisa.

Kisha mvua ikinyesha, doa halitokezi chini ya dirisha. Maji yanaingia kwenye ukingo wa fremu, yanatambaa juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yanafuata kenchi, yaani mbao kubwa zinazobeba paa, na kudondokea siling bodi hatua kadhaa mbali, pengine chumba kingine kabisa. Nimeliona doa la namna hiyo, la duara, kingo za kahawia na katikati jeupe, juu ya kabati la nguo la chumba ambacho hakikuwa na dirisha la paa wala karibu. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha bati zima la juu ya chumba kile akidhani limetoboka. Alilipia bati lisilo na kosa.

Sasa nije kwenye siling, kwa sababu makala haikuitaja hata kwa neno moja. Nyumba isiyo na siling, ukitoboa paa umemaliza: mwanga unaingia. Nyumba yenye siling ina matundu mawili, la paa na la siling, na kati yake kuna dari lenye giza, vumbi, popo wakati mwingine, na hewa ya moto kuliko ya nje. Matundu hayo mawili lazima yaunganishwe kwa kisanduku kirefu kilichofungwa kila upande. Mbao zake, plaiwudi au jipsamu yake, kuziba viungo vyake, rangi nyeupe ndani yake ili mwanga usipotelee ukutani, na ukingo wa kumalizia kwenye siling. Kikitanuliwa kuelekea chini mwanga unaenea zaidi, na fundi anakata pembe badala ya kukata wima, kwa hiyo siku zinaongezeka. Katika makadirio ninayoandika, nyumba ikiwa na siling, kioo chenyewe mara nyingi hakifiki nusu ya jumla. Anayekuja kwangu akiwa amenunua kioo kwanza, kwa furaha, kwa sababu kilikuwa kwenye punguzo, amenunua sehemu ndogo ya kazi na amejifunga ukubwa.

Kujifunga ukubwa ni balaa, kwa sababu ya kenchi. Dirisha la paa halina budi kukaa kati ya kenchi na kenchi. Pima kwanza nafasi iliyopo, kisha ndiyo ununue kinachoingia hapo. Mtu akija na kioo kipana kuliko nafasi, fundi atatoa msumeno. Kenchi ikikatwa bila kupangiwa mbao za kubeba mzigo wake, paa halianguki siku hiyo. Linalala kidogo kidogo, na anayekuja kulinyoosha baadaye hatalipwa ujira mdogo kama wa kuweka dirisha.

Kwa paa la bati njia nafuu kuliko kioo ni kuondoa bati moja na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga, lenye mikunjo ileile. Nasisitiza ileile. Mikunjo ikitofautiana kwa sentimita moja tu, pale mabati yanapolaliana pana mdomo, na upepo wa mvua unaujua mdomo huo. Kazi yenyewe ni ya saa chache: hakuna fremu ya kuinua, hakuna kigongo. Linaingia chini ya bati la juu yake na kulalia bati la chini yake, kama bati jingine lolote.

Ila plastiki zina tabia zake. Bati la nyuzi za glasi hupauka na nyuzi zake huanza kuchomoza juu, vumbi likazishika, mwanga ukafifia. Polikaboneti ni imara zaidi, lakini nyingi zimepakwa kinga ya mionzi ya jua upande mmoja tu, na upande huo umeandikwa kwenye karatasi laini inayoifunika. Vibarua huibandua karatasi chini, wakati wa kubeba, kisha juu ya paa hakuna anayekumbuka upande upi ni upi. Ikigeuzwa, inaanza kuwa ya njano mapema na baadaye hupasuka. Hivyo karatasi ibanduliwe juu, bati likiwa mahali pake.

Tabia nyingine ni kutanuka. Bati la polikaboneti la mita 3, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi kwenye moto wa mchana, tofauti ya nyuzi 40, huongezeka kama milimita 8. Bati la chuma la urefu huohuo huongezeka milimita 1 na nusu hivi. Ukilikaza kwa skrubu kwenye tundu linalobana, halina pa kutanukia. Litapinda, litalia usiku likinywea, na ufa utaanzia kwenye skrubu. Tundu litobolewe pana kuliko skrubu, washa ya mpira ifunike nafasi. Ni dakika chache tu kwa kila bati, na siku zote hurukwa.

Na bati hilo halikanyagiki. Likishashika vumbi na ukungu halitofautiani kwa rangi na mabati mengine, na mtu anayepanda kufagia majani au kurekebisha antena anaweka mguu hapo akidhani ni chuma. Mafundi wanaanguka hivyo duniani kote. Kwenye makadirio yangu huandika wavu wa chuma wa kufungwa chini yake, kwenye papi. Unazuia mtu kuanguka na unazuia mwizi kushuka. Wateja hukata mstari huo kwanza kabisa wanapotafuta pa kupunguza. Nauandika tena kwenye nakala inayofuata.

Asiye na uwezo wa haya yote asidhani kwamba nuru si yake. Mwaka 2002 makanika mmoja wa Brazili, Alfredo Moser wa mji wa Uberaba, alichukua chupa ya plastiki ya lita 2, akaijaza maji safi na dawa kidogo ya kung'arisha nguo ili isiote ukungu, akaipachika kwenye tundu la paa, sehemu yake nje na sehemu ndani. Maji huupinda mwanga na kuutawanya pande zote. Inatoa mwanga unaolingana na balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60 mchana wa jua, na joto kidogo tu kwa sababu tundu lenyewe ni dogo. Kuanzia 2011 mradi wa Liter of Light ulioanzia Ufilipino ukaieneza kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini katika nchi nyingi. Inafaa paa la bati lisilo na siling. Kinachoiharibu ni kilekile: namna ilivyozibwa pale chupa inapokutana na bati.

Kwa mwenye siling na anayetaka korido tu, kuna bomba la mwanga. Kofia ya plastiki juu ya paa, bomba la metali linalong'aa ndani, na kifuniko cha rangi ya maziwa kwenye siling. Huwa la kipenyo cha sentimita 25 au 35, linapita kati ya kenchi bila kugombana nazo, na kisanduku cha mbao hakihitajiki. Ukilinunua unashtuka bei, maana kwa macho ni bomba na kofia. Ukijumlisha kazi isiyofanyika, mara nyingi linashinda kioo. Na kama nyumba bado iko kwenye msingi, msomaji ainue paa la katikati kidogo apate madirisha wima chini ya ukingo wake, yakitazama kaskazini na kusini. Ukingo unayakinga jua na mvua, na hewa ya moto inapata pa kutokea. Weka wavu wa mbu. Kuyapanga sasa ni gharama ya tofali na lenta kidogo, ile boriti ya juu ya dirisha. Kuyaongeza nyumba ikishaezekwa sitayakadiria bila mteja kuketi kwanza.

Kuna pia usafi, ambao sitaukalia sana. Vumbi, majani na kinyesi cha ndege hupunguza mwanga kila mwezi, na mtu wa kupanda kufuta analipwa. Ukiliweka karibu na ukingo wa paa, linafutika kwa fimbo na ngazi fupi. Karibu na kilele, maji yanayoligonga ni machache. Chagua unachoweza kukimudu.

Juu ya malipo, ushauri wangu ni huu: siling isifungwe kabla paa halijajaribiwa. Mtu apande na mpira wa maji, amwage juu ya fremu, si pembeni, kwa robo saa, na mwingine akae darini na tochi. Sehemu ya ujira ibaki kwa mwenye nyumba mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, na iandikwe hivyo tangu mwanzo, fundi akiwa anajua. Ninaofanya nao kazi hawakatai, maana bati wamelikunja wenyewe.

Mwisho, wapo waliouliza kama wanaweza kutoboa paa la zege. Humo ndani mna nondo, na nondo ndizo zinazobeba. Kabla mashine ya kukata haijawashwa, mhandisi aangalie mchoro, na kama mchoro haupo, apime nondo zimelala wapi. Ujira wa mhandisi uandikwe mstari wa kwanza kwenye makadirio, juu ya kioo. Akisema hapana, tundu lisikatwe. Paka siling rangi nyeupe, panua dirisha la ukutani, au toboa sehemu ya juu ya ukuta wa korido upande unaopakana na chumba chenye mwanga, uweke kioo cha rangi ya maziwa. Hesabu ya hilo ni fupi kweli, inaenea kwenye nusu ukurasa.

Msomaji wenu,
Mkadiriaji wa gharama za ujenzi